Draivu za seva ya Kisumu hazifunguki kwenye kompyuta ya mezani ya tawi la Bungoma, ingawa VPN inaonyesha imeunganishwa

Mhasibu, Bungoma

Hamjambo wanajukwaa. Naomba msaada kuhusu draivu za mtandao ambazo zimegoma kufunguka tangu ofisi yetu ilipobadilishiwa intaneti. Sisi ni tawi dogo la kampuni ya uhasibu yenye makao makuu Kisumu, nasi tuko Bungoma mjini. Faili zote za wateja hukaa kwenye seva iliyoko Kisumu, na katika kompyuta ya mezani ninayoitumia zilikuwa zikionekana kama draivu mbili: H, yenye majalada ya wateja, na K, yenye mishahara na violezo vya barua. Nilikuwa nikifika asubuhi, nawasha kompyuta, naunganisha VPN, yaani njia ya faragha inayopita kwenye intaneti hadi mtandao wa Kisumu, na draivu zote mbili zinafunguka papo hapo.

Juma lililopita tuliwekewa faiba pamoja na ruta mpya. Tangu siku hiyo VPN inaunganika vizuri na kuandika kwamba imeunganishwa, lakini draivu zote mbili zimewekwa alama nyekundu ya X. Nikiibofya H, kompyuta husubiri kwa muda, kisha huleta ujumbe kwamba njia ya mtandao haikupatikana, pamoja na msimbo 0x80070035. Intaneti yenyewe haina kasoro. Ninaingia iTax, tovuti ya kodi, ninafungua barua pepe, na hata mikutano ya video haikatiki.

Linalonitatiza zaidi ni hili: mwenzangu ana kipakatalishi, na akikiunganisha kupitia intaneti ya simu yake badala ya Wi-Fi ya ofisi, VPN ikishakubali, draivu zote humfungukia. Akirudi kwenye Wi-Fi ya ofisi, zinamgomea kama zinavyonigomea mimi. Fundi aliyeleta ruta anasema kazi yake ilikuwa kuleta intaneti, na kwa kuwa intaneti ipo, yeye amemaliza. Kompyuta yangu inatumia Windows 11 Pro, na seva ya Kisumu ni Windows Server. Marejesho ya VAT yanatakiwa kufikia tarehe 20, na kwa sasa tunatumiwa faili kwa WhatsApp kutoka Kisumu, jambo ambalo silipendi hata kidogo. Nianzie wapi?

Kijana wa kompyuta, Kakamega

Pole sana, ndugu mhasibu. Tatizo kama hilo nimewahi kuliona. Zima faiwoli ya Windows kwanza ujaribu. Ikikataa, nenda kwenye orodha ya vipengele vya Windows uwashe SMB 1.0, yaani toleo la kwanza la itifaki ya kufungua folda za mtandao, kisha uwashe kompyuta upya. Na kama bado inakataa, waombe wa Kisumu wafungue mlango 445, ambao SMB huutumia, kwenye ruta yao uelekee kwenye seva, ili uifikie moja kwa moja bila VPN. VPN ndiyo huleta matatizo mengi.

Fundi wa mitandao, Kisumu

Ndugu mhasibu, tafadhali usifanye lolote kati ya hayo matatu. Ndugu yetu wa Kakamega ameandika kwa nia njema, nami sina ugomvi naye, lakini mawili kati ya mapendekezo hayo yanaweza kuiangamiza seva yenu, na hakuna hata moja linalogusa chanzo cha tatizo ulilolieleza.

Nianze na msimbo wenyewe, kwa sababu watu wengi huupita kama takataka ilhali ndio unaosema ukweli. Tarakimu mbili za mwisho za 0x80070035, yaani 35 katika mfumo wa kuhesabu kwa kumi na sita, ni 53 katika hesabu ya kawaida, na hitilafu 53 ya Windows maana yake ni kwamba kompyuta haikuweza kabisa kuifikia seva, ama kwa sababu jina halikutafsiriwa kuwa anwani, ama kwa sababu njia ya kufika kwenye anwani hiyo imekatika. Ingekuwa ni neno la siri lililokosewa ungeona 86 au 1326. Ingekuwa umefika lakini huna ruhusa ya kuingia kwenye folda, ungeona hitilafu 5. Ingekuwa seva imepatikana lakini jina la folda iliyoshirikishwa limeandikwa vibaya, kwa kawaida ungeona 67. Kwa hiyo akaunti yako na ruhusa zako bado hazijafikiwa hata kuulizwa, na mtu yeyote atakayekuambia ubadilishe neno la siri anakupotezea muda.

Maelezo yako kuhusu kipakatalishi cha mwenzako ndiyo yaliyoniambia mengi zaidi. Kifaa ni kilekile, akaunti ni ileile, VPN ni ileile na seva ni ileile. Kilichobadilika ni mtandao anaoanzia safari. Basi shida iko Bungoma, ndani ya ruta mpya, na nina karibu hakika ni mgongano wa anwani.

Ruta nyingi zinazouzwa zikiwa tayari kutumika hugawa anwani za 192.168.0 au 192.168.1, na baadhi za faiba hugawa 192.168.100. Ofisi nyingi ndogo zilipoanzishwa hazikubadilisha chochote, kwa hiyo seva huwa na anwani kama 192.168.1.10. Ikiwa ruta yenu mpya nayo inagawa 192.168.1, kompyuta yako ikitafuta 192.168.1.10 itaamini kwamba seva iko humo humo ofisini Bungoma, itaiita kwenye kebo ya ofisi, na haitaupeleka ujumbe kwenye VPN hata kidogo. Kisumu kuna mtaa wa Milimani na Nakuru kuna mtaa wa Milimani. Ukimpa mwendesha boda boda wa Nakuru bahasha iliyoandikwa Milimani tu, hatapanda gari kuja Kisumu. VPN yenyewe inaunganika kwa sababu inatumia anwani ya intaneti ya ofisi ya Kisumu, ambayo haina mshirika. Ndiyo maana unaona imeunganishwa na bado hufiki. Hata VPN iliyowekwa ipitishe mawasiliano yote haitakuokoa kwa uhakika, kwa kuwa Windows huipendelea njia iliyo mahususi zaidi kuliko njia ya jumla, na mtandao wa hapo ulipo ni mahususi kuliko yote.

Hakikisha kabla ya kuamini. Ukiwa umeunganisha VPN, fungua dirisha la PowerShell uandike ipconfig. Utaona anwani ya kadi ya mtandao ya ofisi na anwani ya VPN. Kisha uliza Kisumu anwani ya seva, na tufanye ni 192.168.1.10, halafu uandike:

Test-NetConnection 192.168.1.10 -Port 445

Usiangalie mstari wa mwisho peke yake. Angalia pia mstari wa InterfaceAlias, ambao unataja ni kadi gani iliyotumika. Ukikuta imeandikwa Ethernet badala ya jina la VPN yenu, ushahidi ni huo. Ukitumia ping ya kawaida, amri inayouliza kama kifaa kinaitika, huenda ukaona jibu la kwamba mwenyeji hafikiki, na ukilitazama vizuri utaona kwamba anayejibu ni anwani ya kompyuta yako mwenyewe. Maana yake hakuna aliyeitika kwenye kebo ya Bungoma. Jihadhari na kitu kimoja: kama printa ya ofisi yenu imepewa 192.168.1.10 na ruta mpya, ping itaitika vizuri kabisa, nawe utadhani umeifikia seva. Ndiyo sababu ninapendelea kuupima mlango 445 na kuitazama njia, badala ya kutegemea ping.

Ikithibitika, dawa ni kubadilisha safu ya anwani ya Bungoma, kwa sababu tawi lina vifaa vichache. Ingia kwenye ukurasa wa ruta, sehemu ya LAN na DHCP (mtandao wa ndani na ugawaji wa anwani), uweke safu isiyo ya kawaida, kwa mfano 192.168.77, ruta yenyewe ikiwa 192.168.77.1. Kompyuta zitapata anwani mpya zikiwashwa upya. Printa iliyoandikiwa anwani kwa mkono itapotea hadi uiandikie nyingine, kwa hiyo fanya kazi hiyo jioni wakati hakuna anayesubiri kuchapisha. Kwa siku za usoni, ningewashauri wakubwa wa Kisumu waihamishe ofisi yao kutoka 192.168.1, kwani kila mfanyakazi atakayejaribu kufanya kazi akiwa nyumbani ataukuta ukuta huohuo. Ni kazi kubwa zaidi, inahitaji kupangwa na kufanywa mwishoni mwa juma, lakini inafaa.

Sasa kuhusu mapendekezo ya awali. SMB1 ni itifaki ya zamani ambayo Microsoft yenyewe ilianza kuiondoa kwenye usakinishaji mpya wa Windows 10 kuanzia toleo la 1709 la mwaka 2017. Mei 2017 programu haribifu ya WannaCry ilipita kwenye udhaifu uliokuwa katika SMB1, ikafunga kompyuta katika nchi zaidi ya 150, na hospitali za Uingereza zikalazimika kuahirisha miadi ya wagonjwa, ilhali kiraka cha usalama kilikuwa kimetolewa mwezi Machi mwaka huohuo. Kuirudisha SMB1 ili kutatua hitilafu 53 inayotokana na njia ni kujitafutia balaa bila faida. Na kuufungua mlango 445 kwenye intaneti ni kubaya zaidi, kwa maana unaialika dunia nzima ije ikisie maneno ya siri ya seva yenye mishahara ya wateja wenu. Kuna programu zinazozunguka intaneti usiku na mchana zikitafuta mlango huo tu. Uacheni ndani ya VPN.

Faiwoli nayo iacheni ikiwaka. Kompyuta inayofungua folda za seva ndiyo inayopiga simu kwenda nje, na faiwoli ya Windows kwa mpangilio wake wa kawaida haizuii hilo.

Na hizo faili za WhatsApp, ndugu yangu, ziacheni leo hii kama inawezekana. Majalada hayo yana nambari za vitambulisho, PIN za KRA na mishahara ya watu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaihesabu kampuni yenu kuwa na wajibu juu ya taarifa hizo, na zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wahusika, Kamishna wa Data anatakiwa kujulishwa ndani ya saa 72. Hadi ruta itakapotengenezwa, tumieni njia ya mwenzako, yaani VPN kupitia intaneti ya simu, hata kama bando litaisha haraka.

Kijana wa kompyuta, Kakamega

Nimeelewa, na nashukuru kwa maelezo. Hilo la InterfaceAlias sikulijua, nami nitaliangalia kwenye ofisi ninayoihudumia hapa. Ndugu mhasibu, yapuuze niliyoandika.

Mhasibu, Bungoma

Nawashukuru nyote. Fundi, ilikuwa kama ulivyosema. Seva ni 192.168.1.10, kompyuta yangu ilikuwa imepewa 192.168.1.34, na InterfaceAlias iliandika Ethernet. Tumehamia 192.168.77 jana jioni, printa imeandikiwa anwani mpya, na leo jaribio la mlango 445 linapita likitaja jina la VPN.

Hata hivyo bado hatujafika. Nikiandika \\192.168.1.10 kwenye upau wa anwani, naulizwa jina na neno la siri, naingia, na folda zote naziona. Nikibofya draivu H, ambayo imeunganishwa kwa jina la seva, napata msimbo uleule wa 0x80070035. Na nilipojaribu kuiunganisha K upya kwa akaunti yangu, kompyuta ilikataa kwa hitilafu 1219. Je, nisitumie tu anwani ya nambari nikaachana na jina?

Fundi wa mitandao, Kisumu

Hongera kwa hatua hiyo. Sasa una matatizo mawili tofauti, na ni vizuri usiyachanganye.

La kwanza ni jina. Ukifika kwa anwani na usifike kwa jina, mara nyingi ni DNS, yaani huduma inayotafsiri majina kuwa anwani. Andika nslookup ikifuatwa na jina la seva, uangalie mstari wa kwanza unaotaja ni nani anayejibu. Nashuku utaona 8.8.8.8 au anwani ya ruta yenu mpya. Mafundi wengi wanaoweka intaneti huandika DNS za Google kwa mkono kwenye kadi ya mtandao ili kurasa zifunguke bila matatizo, na kwa matumizi ya kawaida hakuna ubaya, lakini DNS ya Google haiwezi kulijua jina la seva iliyo ndani ya ofisi ya Kisumu. Iondoe DNS hiyo ya mkono kwenye kadi ya Ethernet, uiache ichukue ya ruta, kisha kwenye mipangilio ya muunganisho wa VPN uweke DNS ya ofisi ya Kisumu pamoja na kiambishi cha domeni yenu, yaani sehemu ya mwisho ya jina kamili la seva inayotaja mtandao wa kampuni. Baada ya hapo andika ipconfig /flushdns, ukate VPN na kuiunganisha tena, ujaribu kwa jina kamili la seva likiwa na domeni yake. Jina kamili likikubali na jina fupi likakataa, kiambishi ndicho kinachokosekana.

Unauliza kwa nini usitumie nambari. Kwa kazi ya leo unaweza, marejesho hayasubiri. Lakini usiifanye kuwa desturi. Windows ikitumia jina ndani ya domeni huthibitisha akaunti yako kwa Kerberos. Ikitumia nambari, kwa kawaida hurudi kwenye NTLM, ambayo ni ya zamani na dhaifu zaidi, na ambayo Microsoft inaiondoa hatua kwa hatua. Isitoshe, siku Kisumu watakapoihamisha seva kwenye anwani nyingine, kila draivu na kila njia ya mkato mliyoandika kwa nambari itavunjika kwa pamoja.

La pili ni 1219. Hitilafu hiyo inasema kwamba kompyuta yako tayari ina mazungumzo na seva hiyohiyo kwa jina la mtumiaji mwingine, na Windows hairuhusu mtu mmoja azungumze na seva moja kwa akaunti mbili kwa wakati mmoja. Nadhani kompyuta hiyo uliirithi, na aliyekuwa akiitumia kabla yako alihifadhi jina lake na neno lake la siri. Funga faili zote ulizofungua kutoka kwenye seva, hili ni la lazima, kisha andika net use peke yake uone orodha ya miunganisho iliyopo. Usishangae ukikuta mmoja unaoishia na IPC$ bila herufi ya draivu. Huo ndio mara nyingi unaoshikilia akaunti ya zamani. Ukate kwa net use ukifuatiwa na jina lake na /delete, na uikate K vilevile. Halafu andika cmdkey /list uone maneno ya siri yaliyohifadhiwa. Ukikuta la mtu aliyeondoka, lifute, na uwaarifu Kisumu, kwani akaunti ya mtu aliyeacha kazi inapoendelea kufungua folda ya mishahara, jambo hilo ni zito kuliko draivu iliyogoma. Mwisho uunganishe upya:

net use K: \\jina-kamili-la-seva\mishahara /persistent:yes

Msimamizi wa mifumo, Nakuru

Naongeza jambo moja kwenye hilo la jina na nambari, kwa sababu nimelikuta mara kwa mara huku kwetu. Ikiwa nslookup inatoa anwani sahihi na bado seva inakataa kwa jina huku ikikubali kwa nambari, tazama saa ya kompyuta. Kerberos haivumilii tofauti ya zaidi ya dakika 5 kati ya kompyuta na seva ya domeni kwa mpangilio wake wa kawaida. Kompyuta za mezani zilizokaa miaka mingi huwa na betri ndogo ya CR2032 iliyokufa kwenye ubao mama, na umeme ukipotea usiku, asubuhi saa huanza upya kutoka tarehe ya zamani. Kwenye ofisi iliyo na seva ndani, saa hujirekebisha. Kwenye tawi linalotegemea VPN, kompyuta haiwezi kuifikia seva ya saa mpaka VPN iunganishwe, na wakati mwingine hata VPN yenyewe hukataa kwa sababu cheti chake kinaonekana hakijaanza kutumika. Betri hiyo huuzwa karibu kila duka la vifaa vya umeme na kuibadilisha ni kazi ya dakika chache.

Mwenye duka la dawa za mifugo, Nakuru

Samahani kwa kuingilia, lakini langu linafanana. Sina VPN, nina kisanduku cha kuhifadhia faili, NAS, hapo dukani, na kompyuta mbili za mezani zinazoifungua. Moja iliposasishwa kuwa Windows 11 toleo la 24H2 iliacha kuifungua folda, ikasema sera za usalama zinazuia kuingia kama mgeni bila kuthibitishwa. Nyingine ambayo haijasasishwa inafungua. Je, nirudishe toleo la zamani?

Msimamizi wa mifumo, Nakuru

Usirudishe. Toleo la 24H2 lilileta mabadiliko mawili yanayokuhusu: Windows 11 Pro sasa haikubali kuingia kwenye folda za mtandao kama mgeni, na inadai kila mazungumzo ya SMB yatiwe saini. Kisanduku chako kimekuwa kikimkubali yeyote bila neno la siri, yaani hata mteja aliyepewa Wi-Fi ya duka angeweza kuzisoma faili zako. Ingia kwenye ukurasa wa NAS, utengeneze mtumiaji mwenye neno la siri, uhakikishe toleo la chini kabisa la SMB linalokubaliwa ni SMB2, uwashe saini kama imezimwa, na usasishe programu yake ikiwa mtengenezaji bado anatoa masasisho. Kisha kwenye kompyuta zote mbili uunganishe draivu kwa mtumiaji huyo. Kama NAS ni ya zamani kiasi kwamba inaijua SMB1 peke yake, muda wake umekwisha. Nunua nyingine kabla diski zake hazijakufa.

Mhasibu, Bungoma

H na K zote zimefunguka kwa jina. DNS ilikuwa 8.8.8.8 kama ulivyosema, Fundi, na kwenye cmdkey nilikuta akaunti ya mhasibu aliyehamia kwingine. Kisumu wameifunga leo. Saa yetu iko sawa, nimeiangalia.

Limebaki moja. Programu yetu ya uhasibu, ambayo tunaambiwa tuifungue kwa haki za msimamizi, inasema haioni draivu H, ilhali nikifungua folda kwa kawaida naiona na naisoma. Hifadhidata ya programu hiyo ni faili iliyo ndani ya H. Hapo awali mwenzangu ndiye aliyekuwa akiitumia akiwa Kisumu, na sasa nimeambiwa niitumie nikiwa huku.

Fundi wa mitandao, Kisumu

Kuhusu kutoonekana kwa H: Windows humpa mtu mwenye haki za msimamizi vikao viwili, kimoja cha kawaida na kimoja cha juu, na draivu zilizounganishwa katika kimoja hazionekani katika kingine. Programu inayofunguliwa kwa haki za msimamizi imo katika kikao cha juu, ndiyo maana haina habari ya H. Njia nyepesi ni kuielekeza programu kwenye njia kamili ya seva inayoanza na \\ badala ya herufi ya draivu. Njia iliyo bora ni kumuuliza aliyewauzia programu kama kweli inahitaji haki hizo kila siku, kwani nyingi huzihitaji wakati wa kusakinishwa tu.

Lakini kabla hujaelekeza chochote, nakusihi usiifungue hifadhidata hiyo ukiwa Bungoma kupitia draivu ya mtandao. Kufungua waraka wa Word au jedwali la Excel kupitia VPN ni salama, kwa kuwa likikatika unapoteza ulichokuwa ukikiandika tu. Hifadhidata iliyo faili moja ni jambo jingine kabisa. Programu iliyo kwenye kompyuta yako ndiyo inayosoma na kuandika vipande vidogo vidogo ndani ya faili hiyo, mamia kwa dakika, huku ikishikilia kufuli ili watumiaji wawili wasigongane. Faiba ikikatika au umeme ukipotea kati ya kipande na kipande, nusu ya muamala itakuwa imeandikwa na nusu haijaandikwa, na faili nzima inaweza kukataa kufunguka kwa watu wote, wakiwemo walio Kisumu. Hata isipoharibika, itakuwa nzito mno, kwani kila kipande husubiri safari ya kwenda na kurudi, na kasi ya faiba haiwezi kufuta muda huo wa safari.

Omba Kisumu wakufungulie kikao cha mbali kwenye kompyuta iliyo huko, kwa Remote Desktop, nayo ipitie ndani ya VPN, kamwe isiwekwe wazi kwenye intaneti. Hapo programu na hifadhidata vitakuwa katika ofisi moja, nawe utakuwa unaona skrini tu. Intaneti ikikatika, kikao hubaki kikikusubiri kama ulivyokiacha. Tumia Windows Pro kwenye kompyuta utakayoingia, kwani toleo la Home halipokei miunganisho hiyo. Na kwa kuwa tarehe 20 imekaribia, waambie Kisumu wachukue nakala ya faili hiyo ya hifadhidata leo jioni, watu wote wakiwa wametoka kwenye programu, kabla hujaingia kwa mara ya kwanza.